Kabla ya Mshahara, Ulizia Bosi

Msimu wa kutuma maombi ya kazi umefika, na kila tukikaa pamoja swali ni lile lile: "Wanalipa ngapi?" Hakuna anayeuliza atafanya kazi chini ya nani. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea.

Yalinikuta mwenyewe. Nilipomaliza shahada ya kwanza Dar es Salaam nilipata kazi mbili, nikachagua yenye mshiko mnene. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na muda na mtu. Mwaka na nusu nilihesabu mifuko ya saruji na nondo stoo. Rafiki yangu akaichukua ile ya mshahara mdogo. Bosi wake alikuwa akimrudishia michoro imejaa wino mwekundu, kisha anamkalisha na kumweleza kosa liko wapi. Leo rafiki yangu ni mhandisi aliyesajiliwa. Mimi ilibidi nianze upya.

Na hili si suala la kupatana na bosi tu. Tanzania, mhandisi mhitimu hupitia mafunzo ya vitendo ya miaka 3 yanayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kenya nayo inadai uzoefu usiopungua miaka 3. Anayethibitisha ulichofanya ni yule aliye juu yako. Sasa kama alikuweka stoo, atathibitisha nini?

Kwa wanaotaka kubaki hapa Uingereza, muda ni mfupi zaidi. Viza ya wahitimu iliyoanza mwaka 2021 ilitoa miaka 2 kwa wenye shahada ya kwanza na ya uzamili. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18. Yaani ukipoteza mwaka kwa bosi asiyekufundisha, umekwisha.

Kwa hiyo kwenye usaili usiogope kuuliza: Nani atakagua kazi yangu? Vijana waliopita mikononi mwako wako wapi sasa? Halafu mtafute mmoja aliyeacha kazi pale, umsikilize.

Najua wengi wetu tuna wadogo wanaosubiri karo nyumbani, na mshahara haupuuzwi. Lakini mshahara mdogo unaweza kupanda. Miaka ya kwanza ikishapita hujajifunza kitu, hairudi. Jamani, tufikirie kabla ya kusaini.