Eti Ukipanda Cheo, Vua Uhandisi

Juzi, kwenye hafla ya kuwapongeza mameneja wahandisi waliopandishwa kuwa wakurugenzi, mgeni rasmi aliwausia: kuanzia leo vueni kofia ya uhandisi, vaeni ya uongozi. Ukumbi mzima makofi! Mimi kuku alinikwama kooni, kwa sababu usia huo una historia, tena una maiti saba.

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga za juu Challenger, waliwaambia NASA kwa simu kwamba kesho yake kisirushwe. Florida baridi ilikuwa kali, na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa kwenye baridi, gesi ya moto ikapata upenyo. Walitaka lisubiriwe joto la nyuzi 12 hivi. Robert Lund, makamu wa rais wa uhandisi, alisimama nao. NASA wakaja juu. Kampuni ikaomba dakika 5 za kuteta faragha, zikawa nusu saa, na humo ndimo bosi wake, Jerald Mason, alipomtaka avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivaa. Asubuhi chombo kikaruka, na sekunde ya 73 kikasambaratika.

Kati ya kauli ya kwanza ya Lund na ya pili, baridi haikupungua hata nyuzi moja.

Fundi akiogopa jambo, haogopi kwa lugha ya wanahisa. Anakuja na mchoro, anaonyesha kidole: hapa. Kwenye meza ya wakubwa, anayeweza kuiona hiyo "hapa" ni yule aliyetoka saiti. Mkimvua na huyo, watabaki wanaosikia gharama na tarehe ya uzinduzi tu.

Nitaulizwa, na huulizwa kila mara: sasa mkurugenzi akahesabu bolti? Jamani, nani kamtuma? Na suti ile! Ninachotaka ni kwamba akiambiwa bolti imelegea, asiitishe semina ya mawasiliano.

Kichekesho ni kwamba hao waliovua uhandisi hawaivui "Mhandisi" kwenye jina. Kwenye kadi ya harusi imo, kwenye kibao cha mlangoni imo, hata kwenye daftari la rambirambi imo. Mmoja wao, ambaye zamani alisimamia madaraja, nilimsikia kikaoni akiuliza kwa nini zege lipimwe siku ya 28 wakati waziri anakuja wiki ijayo. Kabla ya cheo angemfukuza kazi kijana anayeuliza hivyo.

Meneja mwingine wa Thiokol, Allan McDonald, aligoma kutia saini usiku ule. Alipoieleza ukweli tume iliyochunguza ajali hiyo, akasukumwa pembeni kazini, mpaka wabunge wa Marekani walipokuja juu ndipo akarudishwa, akakabidhiwa kazi ya kusanifu upya maungio yaleyale. Mbona huyu hatajwi kwenye hafla zetu?

Ningepewa kiti kwenye jopo la usaili wa wakurugenzi, ningetandaza mchoro mezani nimuulize mwombaji patavuja wapi. Akianza kunieleza maono yake, nitamshukuru kwa kuja na kumwita anayefuata.