Waya wa Sensa Sio Waya wa Spika!

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena maisha ya kubeba boksi. Huku Malton tu wazima, ndege zinaendelea kutupitia juu ya paa maana uwanja wa Pearson uko hapo hapo mlangoni.

Leo nataka kuongelea magari. Mama mdogo, usifunge ukurasa, mwishoni kuna kinachokuhusu.

Mpwa wangu mmoja wa Tabata ana Altezza. Ameniandikia nimtafutie hedazi ndefu na ekzosi nzima ya kuunguruma. Hilo sina ugomvi nalo, ujana maji ya moto. Kilichonishtua ni maneno ya mwisho: fundi wake amesema waya wa sensa usipofika ataukata na kuuunga kwa tepu, halafu masega watayauza ili kupunguza gharama. Kwa maoni yangu hapo vijana wetu wanaibiwa mchana kweupe, tena huku wanashangilia!

Tuanze na huo waya. Kwenye bomba la moshi karibu na injini kuna sensa ya oksijeni. Kazi yake ni kuonja moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama petroli imezidi au imepungua. Injini ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo 1 ya petroli ili iungue vizuri. Sensa ya kawaida huongea kwa umeme mdogo sana: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 ikipungua. Sasa niambieni, umeme mdogo kiasi hicho utapitaje salama kwenye kiungio cha tepu kilicholoa maji ya mafuriko ya Jangwani, au huku kwetu maji ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu?

Hedazi ndefu zinasogeza tundu la sensa nyuma, ndiyo maana waya haufiki. Hilo ni jambo la kawaida na dawa yake ipo. Vinauzwa vipande vya waya vyenye soketi pande zote mbili, urefu wa futi moja au mbili. Unachomeka huku, unachomeka kule, kwisha kazi. Hakuna kukata chochote.

Ukikosa kabisa kipande hicho, basi ongeza upande wa gari, sio upande wa sensa. Sababu wengi hawaijui: sensa nyingi za zirkonia hulinganisha moshi wa ndani ya bomba na hewa safi ya nje, na hewa hiyo huipata kwa kupitia katikati ya nyuzi za waya wake wenyewe. Yaani waya ni pua! Ukiuziba kwa risasi au grisi, sensa inaanza kusema uongo. Ndiyo maana hata wanaotengeneza sensa za kuunga wanataka viungio vya kubana kwa koleo, sio risasi.

Mengine ni adabu tu ya kazi. Waya uwe na unene ule ule. Viungio visikae sehemu moja, vipishane. Kila kimoja kivalishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Waya ufungwe mbali na bomba na mbali na propela shafti, ila uachwe na ulegevu kidogo maana injini inatikisika. Na sensa yenyewe ilale kwa mteremko, waya ukiwa juu, ili maji ya mvuke yasiituamie.

Najua fundi atajibu: "Mbona gari inatembea?" Ndiyo, inatembea. Sensa ikifa kompyuta inaacha kusikiliza na kuendesha injini kwa kukisia, na mara nyingi inakisia kwa kuongeza petroli. Waya wa hita ya sensa ukigusa bodi, fyuzi inaungua. Fundi keshalipwa, anayelipia sheli kila wiki ni mpwa wangu.

Sasa masega. Huku Toronto mwaka 2021 na 2022 wezi walikuwa wanaingia chini ya magari usiku na msumeno, wanakata masega na kukimbia, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Watu walilia! Kwetu mwenye gari anayatoa mwenyewe mchana, anapewa hela kidogo na kusema ahsante. Nani mjanja hapo?

Wengine wanasema masega yanaziba kwa sababu ya mafuta yetu. Petroli yenye risasi kweli iliyaua masega, lakini Afrika kusini ya Sahara iliiacha mwanzoni mwa 2006. Yakiziba leo, mara nyingi injini inakosa moto au inakula oili. Tibu ugonjwa, usimkate mgonjwa mguu.

Msidhani nasema hivi kwa kuogopa sheria za wazungu. Ontario ilikuwa na upimaji wa moshi wa Drive Clean tangu 1999, na kwa magari madogo ukafutwa 2019. Hata hivyo kuondoa masega bado ni kosa, na sheria ya barabarani inakataza ekzosi iliyotobolewa au kutolewa matumbo. Lakini sheria au hakuna sheria, moshi ni ule ule.

Na hapa ndipo ninapomtaka mama mdogo. Wewe genge lako liko barabarani, unakaa pale toka alfajiri mpaka usiku. Masega ndiyo yanayogeuza monoksidi ya kaboni na hewa nyingine chafu kabla hazijakufikia. Kila kijana anayeyauza anakuhamishia wewe moshi wake, na hela hukupewa. Wakija kununua nyanya waulize!

Mafundi wetu siwadharau hata kidogo. Huku wengi wanabadilisha kifaa tu, na saa moja inaweza kuzidi dola 100. Wa kwetu anafufua kilichokufa. Kwa akili ile, kazi ya tepu ni kujishusha hadhi.

Basi mpwa wangu, jibu langu ni hili: hedazi nitatafuta, zile zinazoacha masega mahali pake, pamoja na kipande cha waya chenye soketi. Ukiyauza, ujinunulie mwenyewe.

Naomba kuwakilisha. Nisalimieni wote.