Kazi Isiyokatika na Waya
Programu iliyoanzishwa na mtu katika terminali ya Unix, hata ikiwa imebakiza dakika chache kumaliza hesabu ya usiku kucha, hupelekewa ishara ya HUP, yenye namba 1, pindi mawasiliano na seva inayoiendesha yakatikapo, nayo, isipokuwa imeusiwa vinginevyo, hufa papo hapo. Amri ya nohup huiziba masikio isiisikie ishara hiyo, na matokeo yake huyasajili katika faili ya nohup.out, lakini haikupi njia ya kurejea kuzungumza nayo. Kwa hiyo, kwa rai yangu, tmux, programu ya kutunza vikao vya terminali iliyotoka mwaka 2007, ni aula: waanzisha kazi ndani yake, wabonyeza Ctrl na b, kisha d, waenda zako, na kesho, ingawa u katika mji mwingine, waandika tmux attach, ukaikuta kazi yaendelea, maadamu seva yenyewe haikuzimwa.