Ubao Haukuletwa na Meli

Kuna dhana iliyoota mizizi vyuoni na maofisini mwetu: kwamba kuteleza mawimbini kwa ubao, au kubingirika barabarani juu ya ubao wenye magurudumu, ni starehe ya vijana wa California ambayo Mwafrika ameidaka juzi kwenye simu. Naipinga dhana hii, kwa kuwa inapotosha hata namna tunavyopanga miji yetu.

Katika miaka ya 1640, Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kuhusu watoto wa pwani ambayo leo ni Ghana, waliojifunza kuogelea kwa kufungwa kwenye mbao. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla ya mabaharia wa James Cook kuandika habari za Hawaii. Michezo hii miwili ya ubao ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kwenye mashindano ya Tokyo mwaka 2021, ni wangapi kati yetu waliowakumbuka watoto wale?

Tusiende mbali. Mjini Goma, chukudu, ubao wa magurudumu uliochongwa kwa mti na kuvishwa mpira wa matairi chakavu, hubeba viazi na makaa na kulisha familia. Jijini Kampala, vijana wa Kitintale walijijengea uwanja wa zege wa kutelezea katika miaka ya 2000.

Sasa tutazame kwetu. Mtoto wa Masasi au Newala anayeokota kipande cha mbao kwa seremala, akakata kandambili zilizochakaa kuwa magurudumu, ni mhandisi na mtunza mazingira kwa wakati mmoja. Hatumwiti hivyo; twamwita mtoro na mchafu. Lakini ubao wa dukani, wenye gundi zitokanazo na mafuta ya petroli, ukifika na mfadhili, tunaupokea kwa hotuba na kuuita maendeleo. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Vipi basi tumdharau aliyeanza kutumia taka upya kabla hatujamwandikia sera?

Ofisa wa halmashauri atanijibu kwamba barabara si mahali pa mchezo. Kweli kabisa, na hasa sasa ambapo lami inaifikia njia ya Mtwara, Newala na Masasi, na magari yatakwenda kasi. Wala sitaki mtoto ateleze ukingoni mwa Shimo la Mungu. Lakini hoja ya usalama haikamiliki kwa kumfukuza mtoto. Hukamilika kwa kumpa uwanja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Ibara ya 31 inatambua haki ya kucheza. Haki hiyo haiwezi kutekelezwa juu ya kiwanja cha wazi kilichokwisha kugawiwa kwa ajili ya vibanda.

Nadai mambo mawili. Watumishi wa ardhi wa Masasi na Newala waweke alama za mipaka kwenye viwanja vya wazi kabla lami haijapandisha bei ya ardhi. Nanyi wanafunzi wangu, mtakaporudi likizo, andikeni ufundi wa wadogo zenu: mbao gani, mpira gani, nani aliwafundisha. Watoto wa Ghana waliandikwa na mgeni mpita njia. Hawa wa kwetu wana ndugu waliosoma. Wakisahauliwa, hatutakuwa na wa kumlaumu.