Posa Isivunjwe kwa Wazimu wa Mjomba

Ndugu Muislamu, mara ngapi posa imevunjwa kwa neno moja tu: "Ukoo ule una wazimu"? Haya, tazama elimu isemavyo. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapa utafiti wa wagonjwa 76,755 wa skizofrenia. Zilionekana sehemu 287 za chembe za urithi zinazohusiana na maradhi hayo, na nyingi athari yake ni ndogo mno. Wewe nami tunazo baadhi yake. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenziwe husalimika. Urithi upo, lakini si hukumu. Ukoo safi ni upi basi? Anayemkataa binti kwa maradhi ya mjombake amemdhulumu. Mgonjwa atibiwe, binti aolewe. Tumche Mwenyezi Mungu.