Hata Kidonda Kisichopona Kina Tiba Yake

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu aliyekuwa na saratani ya titi. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuambiwa kwamba hapakuwa na tiba iliyosalia. Nilimkuta katika chumba cha uani, peke yake, dirisha limezibwa kwa gunia. Harufu ya kidonda ilikuwa imewafukuza wajukuu. Kila asubuhi binti yake alibandua kitambaa kilichogandamana na nyama, akamwagia spiriti, na kilio cha mgonjwa kilisikika hadi njiani. Watu wale hawakukosa huruma; walikosa maarifa. Nami nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya maarifa hayo imo katika madaftari ya wanafunzi wetu wa sekondari.

Kosa letu la kwanza ni la fikra. Tumezoea kuipima tiba kwa kupona: kidonda kikifunga, tiba imefaulu, kisipofunga, tumeshindwa, na mgonjwa huachwa. Lakini vipo vidonda ambavyo havitafunga kamwe, na mwenye navyo bado ana wiki au miezi ya kuishi. Kwake yeye vipimo ni vingine: Je, amelala usiku? Je, anaweza kuketi na watu? Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua Hospisi ya St Christopher's jijini London ili kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Huduma kama hiyo ilianzishwa Nairobi mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993 kwa juhudi za Dakta Anne Merriman. Sisi huiita tiba shufaa, nayo hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine kadhaa nchini. Hata hivyo, kutoka Singida hadi Ocean Road ni safari ya kilomita zipatazo 700. Kwa hiyo hospisi ya mgonjwa wa kijijini ni nyumba yake mwenyewe, na muuguzi wake ni binti au mjukuu.

Tuanze na maumivu. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majaribio juu ya nguruwe, kwamba jeraha lenye unyevu hujenga ngozi mpya upesi kuliko lililoachwa likauke. Kidonda cha saratani hakitapona kwa unyevu huo, lakini kanuni yake yafaa: kitambaa chenye unyevu hakigandi, na kisichoganda hakiumizi kinapotolewa. Basi kitambaa kilowekwe kwanza, kisha kiondolewe polepole. Maji yafaayo ni yaliyochemshwa na kupoa, yakatiwa chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Hiyo ni takriban gramu 5, yaani mmumunyo wa karibu asilimia 1, unaokaribiana na ukolezi wa majimaji ya mwili. Kwa sababu hiyo seli hazivimbi wala hazinyauki, na mgonjwa hasikii mwasho. Hii ndiyo osmosisi. Spiriti, kwa upande wake, huchoma mishipa ya fahamu na kuua seli zilizo hai. Penye mofini ya kunywa iliyoandikwa na daktari, dozi itolewe kiasi cha nusu saa kabla ya kusafisha.

Pili ni harufu, ambayo humtenga mgonjwa na watu kabla ya kifo kumtenga. Bakteria wasiohitaji oksijeni hustawi katika nyama iliyokufa, wakaivunja protini na kutoa kemikali kama putresini na kadaverini. Manukato hayaziondoi. Kinachosaidia ni kuwapunguza bakteria wenyewe: mhudumu wa afya aweza kuelekeza vidonge vya metronidazoli visagwe na unga wake unyunyizwe juu ya kidonda.

Wanasingida huniuliza kuhusu asali, ambayo misitu ya Manyoni na Itigi imejaliwa kuwa nayo. Jibu langu lina pande mbili. Ni kweli kwamba sukari yake nyingi huwanyonya bakteria maji, tindikali yake huwazuia, na kimeng'enya chake hutengeneza haidrojeni peroksidi kidogo kidogo. Lakini asali mbichi yaweza kubeba mbegu za bakteria hatari, na kuichemsha huharibu kimeng'enya hicho. Ndiyo maana asali ya hospitalini husafishwa kwa mionzi. Ya mzingani isitiwe kidondani bila ushauri wa mtaalamu.

Tatu ni vidonda vya kulalia. Uzito wa mwili huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokosa oksijeni hufa. Kwa kawaida mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Lakini siku za mwisho, ikiwa kugeuzwa kwenyewe ni mateso, raha yake itangulie ratiba. Na kidonda kinachoelekea kutoa damu kiwekewe karibu kanga ya rangi nzito, ili mgonjwa asiogofywe na wekundu wakati msaada unapotafutwa.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wauguzi, si ya wanafunzi. Naafiki kwamba dawa na maamuzi ni ya wataalamu. Hata hivyo, muuguzi wa zahanati huja na kuondoka, bali mwanafunzi hulala katika nyumba ile ile na mgonjwa. Mwalimu afundishapo osmosisi kwa kipande cha kiazi, asiishie kwenye kiazi.

Shangazi yangu alifariki, na kidonda chake hakikupona. Lakini muuguzi mmoja alikuwa amemfundisha binti yake hayo niliyoyaeleza. Gunia liliondolewa dirishani, na katika wiki zake za mwisho wajukuu walirudi kula chakula cha jioni pembeni mwa kitanda chake. Kwa kipimo changu, tiba ile ilifaulu.