Odi za kamari hazisogei bure: Somo la besiboli kwa wabashiri wa Isiolo

LIGI kuu za kandanda barani Ulaya hupumzika kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, lakini kampuni za kamari hazipumziki. Nafasi ya Arsenal na Real Madrid katika kurasa zao hujazwa na michezo ambayo wengi wetu hatujawahi kuicheza, na mmojawapo ni besiboli ya Marekani. Hivyo kijana wa Bulla Pesa mjini Isiolo, ambaye hajawahi kushika gongo la mchezo huo, anaweza kuweka dau kwa simu akiiunga mkono timu ya Chicago au New York, kisha akalala akisubiri matokeo.

Usiku huo huo, nambari aliyoiona saa mbili jioni inaweza kuwa imebadilika kufikia saa sita. Wabashiri wengi huyachukulia mabadiliko hayo kama ishara ya siri kwamba kuna wanaojua jambo, na hivyo kwamba inafaa kuwafuata. Ni vyema dhana hiyo ichunguzwe, kwa kuwa imewagharimu watu karo, kodi ya nyumba na hata mtaji wa biashara.

Odi ni bei, wala si utabiri wa mwenye maono. Kampuni inapoandika 2.50 mbele ya jina la timu, inaahidi kulipa Sh250 kwa kila Sh100, dau likiwa ndani yake. Ukigawanya 1 kwa 2.50 utapata 0.40, yaani bei hiyo inaichukulia timu hiyo kuwa na nafasi ya asilimia 40 ya kushinda. Timu inayopigiwa upatu ikipewa 1.50, nafasi yake kwa bei hiyo ni karibu asilimia 67. Jumla ya nafasi hizo mbili ni asilimia 107, wala si 100. Ile ziada ya 7 ndiyo inayoilisha kampuni, na mteja huilipa ashinde asishinde.

Wakazi wa Isiolo hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jinsi bei inavyopanda na kushuka. Katika soko la mifugo la mji huo, bei ya mbuzi hupanda malori ya wanunuzi kutoka Nairobi yanapoongezeka, na hushuka ukame unapobisha hodi na kila mfugaji akataka kuuza kabla mnyama hajakonda. Mbuzi ni yule yule. Kilichobadilika ni habari na idadi ya wanaomtaka. Dalali naye hupata chake bei ikipanda au ikishuka. Odi huenda kwa kanuni hiyo hiyo.

Sababu ya kwanza ya kusogea kwake ni habari. Katika besiboli, mtu muhimu kuliko wote uwanjani ni mrushaji anayeanza mechi, kwa sababu kila mpira hutoka mkononi mwake. Mrushaji hodari akiumia bega na nafasi yake kuchukuliwa na chipukizi, odi ya timu yake inaweza kutoka 1.70 hadi 2.00 kwa dakika chache. Hali ya hewa nayo ina neno. Katika uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, upepo unaovuma kuelekea nje huusaidia mpira uliopigwa kuruka mbali, na matarajio ya alama huongezeka. Mjini Denver, ulioko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile cha Nairobi, hewa nyepesi huufanya mpira usafiri zaidi.

Sababu ya pili ni fedha. Dau kubwa likiingia upande mmoja, hasa kutoka kwa wabashiri wanaojulikana kuwa na ujuzi, kampuni hupunguza odi ya upande huo na kuongeza ya upande wa pili ili isije ikabeba hasara peke yake. Kampuni ndogo huyafuata masoko makubwa ya ng'ambo kwa mitambo ya kompyuta. Kwa hiyo nambari inayosogea kwenye simu mjini Isiolo mara nyingi imekwisha kusogezwa kwingineko.

Sababu ya tatu ni udanganyifu, na besiboli ina historia yake chungu. Mwaka 1919 Chicago White Sox walipigiwa upatu kuwashinda Cincinnati Reds katika fainali ya ligi. Siku chache kabla ya mechi ya kwanza, fedha nyingi zilimiminika upande wa Reds na odi zikageuka. Reds walishinda mechi 5 dhidi ya 3. Baadaye ilibainika kwamba fainali hiyo ilikuwa na njama, na ingawa mahakama iliwaachilia washtakiwa mwaka 1921, wachezaji 8 wa White Sox walifungiwa maisha. Karne moja baadaye, Novemba 2025, warushaji wawili wa Cleveland Guardians, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa mjini New York kwa madai ya kupanga mirusho mahususi ili wacheza kamari wanufaike. Wote wawili walikana mashtaka.

Kenya nayo haijasalimika. Mapema mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliohusishwa na upangaji wa mechi za Kakamega Homeboyz katika ligi kuu ya humu nchini, mmoja wao maisha.

Je, mbashiri wa kawaida akiona odi ikishuka kutoka 2.10 hadi 1.80, amepata nini? Amepata habari iliyokwisha kuuzwa. Aliyenunua kwa 2.10 alihitaji timu yake ishinde mara 48 katika 100 ili asipate hasara. Anayenunua kwa 1.80 anahitaji ishinde karibu mara 56. Timu ni ile ile, ila mfuataji ameinunua kwa bei ya juu, kama anayefika sokoni saa sita mchana baada ya wachuuzi kuchagua wanyama wazuri alfajiri. Isitoshe, mechi nyingi za jioni pwani ya mashariki ya Marekani huanza saa nane usiku kwa saa zetu. Mabadiliko ya dakika za mwisho hutangazwa Isiolo ikiwa usingizini.

Besiboli pia si rafiki wa wanaotafuta uhakika. Kila moja ya timu 30 za ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu. Timu bora kwa kawaida hushinda takriban 6 kati ya kila mechi 10, na iliyo hoi bado hushinda karibu 4. Mnyonge kumwangusha mwenye nguvu si ajabu katika mchezo huo. Ni jambo la kila wiki.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya mkeka, yaani kuunganisha mechi kadhaa katika dau moja. Tuchukue mechi tano zenye timu zinazolingana, kila moja ikiwa na odi ya 1.91. Sh100 italeta takriban Sh2,542 zote zikishinda. Lakini uwezekano wa kupata zote tano ni 1 kwa 32, hivyo malipo ya haki yangekuwa Sh3,200. Katika mechi moja kampuni hubakia na wastani wa Sh4.50 kwa kila Sh100. Katika mkeka wa mechi tano kipande hicho hupanda hadi karibu Sh21. Nambari kubwa inayomeremeta chini ya mkeka huficha gharama inayokua kila mechi inapoongezwa.

Serikali nayo huchukua chake. Ushuru wa bidhaa kwa madau ulikuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukawa 12.5 mwaka 2023 na 15 Desemba 2024. Sheria ya Fedha ya 2025 iliubadilisha kuwa asilimia 5 ya fedha zinazowekwa katika akaunti ya kamari, na kuweka asilimia 5 nyingine kwa fedha zinazotolewa. Ukijumlisha makato hayo, anayecheza mkeka wa mechi tano tuliouona hapo juu atarajie kurudishiwa, kwa wastani wa muda mrefu, takriban Sh72 kwa kila Sh100.

Matangazo hayasemi hayo. Yanachotangaza ni kisa cha Februari 2017, ambapo mtu mmoja alishinda zaidi ya Sh221 milioni kwa kubashiri mechi 17. Kisa hicho ni cha kweli, lakini maelfu waliochangia fungu hilo bila kupata kitu hawakupigwa picha.

Kwa mji kama Isiolo suala hili lina uzito wa pekee. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi kaskazini mwa Kenya na kuwaacha vijana wengi bila kazi waliyorithi kwa wazazi. Aidha, katika mji wenye Waislamu wengi, ambako dini inakataza kamari waziwazi, simu imeuhamisha mchezo huo kutoka hadharani hadi mfukoni, mahali ambapo mzee wala imamu haoni. Anayepoteza kwa siri huona haya kuomba msaada.

Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 ilichukua mahali pa ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya usimamizi. Mamlaka hiyo ingeanza na jambo jepesi: kila kampuni ilazimishwe kuonyesha, kando ya kila mkeka kabla haujathibitishwa, kipande chake na kiasi ambacho mteja hubakia nacho baada ya kodi. Muuza unga hulazimika kuandika uzani kwenye pakiti. Muuza bahati naye aandike. Serikali ya Kaunti ya Isiolo, ambayo Katiba ya 2010 imeipa sehemu ya mamlaka juu ya kamari, inaweza kudai maelezo hayo hayo, kwa Kiswahili, katika kila duka la kamari linaloomba leseni.

Hadi hapo itakapokuwa hivyo, mbashiri na afanye hesabu mwenyewe: agawanye 1 kwa kila odi ya mechi, ajumlishe, aone ni kiasi gani kimezidi 100. Odi inaposogea, ajiulize ni nani aliyeisogeza na kwa nini yeye amepata habari mwisho. Asipopata jibu, bei hiyo haikuwekwa kwa faida yake.